Wanaitwa kumbariki mtoto, wananyimwa chumba cha kupanga: mahijra wa India na ruhusa ya jukwaani

*Swali:* Mwalimu, shikamoo. Nilimsindikiza mama Hyderabad kwa matibabu ya moyo. Kwenye taa za barabarani walikuwa wanatujia watu waliovaa sari, sauti nzito za kiume, wanapiga makofi ya namna yake, na dereva wetu akawapa hela haraka haraka kwa woga. Siku nyingine jirani wa nyumba tuliyofikia alipata mtoto wa kiume. Likaja kundi zima na ngoma, wakacheza uani, wakambeba mtoto, wakamwombea dua, wakaondoka na pesa na vitambaa. Lakini mwenye nyumba akatuambia kwamba mtaa ule hakuna ambaye angewapangisha chumba. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya dini ya Kihindu tu. Mdogo wangu anasema ni sawa na wale wanaume wa Japani wanaoigiza wanawake kwenye tamthilia. Nani yuko sahihi? Na inakuwaje mtu huyo huyo aaminiwe kubeba kichanga, asiaminiwe kupewa ufunguo wa chumba? (Msomaji, Tanga)

*Jibu:* Marahaba, na Mungu amjalie mama afya.

Nianze na mume wako na mdogo wako ili nisiwaache wakibishana. Wote wawili wamekosea, ila mdogo wako amekosea kwa namna yenye faida, kwa hiyo Japani tutaifikia. Swali zito ni lako la mwisho. Jibu langu ni kwamba jamii nyingi za Asia zimewapa watu wasiokaa sawasawa kwenye uume wala uke ruhusa ya kuonekana, lakini ruhusa hiyo imefungiwa ndani ya onyesho. Onyesho likiendelea, liwe la ibada, la harusi au la jukwaani, mtu ana nafasi, ana malipo, hata ana woga wa wengine unaomlinda. Likiisha, anarudi kuwa mtu asiye na pa kulala. Siasa zote utakazozisoma kuhusu watu hawa, kuanzia bunge la Delhi mpaka mahakama za Islamabad, ni ugomvi kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuitoa ruhusa hiyo, na kama inaweza kuvuka mlango wa onyesho ikawa haki ya raia.

Mliowaona wanaitwa mahijra. Wengi walizaliwa na maumbile ya kiume na wanajiona wanawake, au si wanaume wala wanawake. Wachache ni khuntha kwa maana ile ile ya vitabu vya fikihi, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo wazi kuwa ya kiume au ya kike. Baadhi wamehasiwa, wengine hawajahasiwa. Lakini hakuna anayekuwa hijra kwa mwili peke yake, wala kwa mavazi. Unakuwa hijra kwa kuingizwa kwenye ukoo: guru, yaani mwalimu na mlezi, anakuchukua, unakuwa chela, yaani mwanafunzi wake, unapewa jina la kike, na kuanzia hapo una dada, mama wadogo, bibi, na deni la utii ambalo si dogo. Guru anakulisha na kukufundisha kazi, nawe unampelekea mapato. Sensa ya India ya mwaka 2011, iliyoweka kisanduku cha watu wasio wanaume wala wanawake kwa mara ya kwanza, ilipata takriban watu 488,000, na humo wamo pia wengi wasio wa ukoo wowote wa kihijra.

Kazi waliyoifanya kwa jirani yenu inaitwa badhai, yaani hongera. Ichunguze kama onyesho na utaona ni sanaa iliyopangwa barabara. Kwanza kuna habari: kundi linajua nani kajifungua kwa sababu lina masikio hospitalini, kwa wafagiaji, kwa wafua nguo. Kila kundi lina mtaa wake, na kundi geni likiingia bila idhini, wazee wa koo hukaa kikao na kulitoza faini. Kisha kuna ngoma ya dholak yenye ngozi pande mbili, na lile kofi lenu la ajabu: viganja vimenyooshwa, vidole vimetawanyika, kofi linatoka kavu kama ubao. Kofi hilo linatangaza kwamba aliyekuja ni hijra kabla hujamwona. Halafu kuna vichekesho. Mmoja anaweka kitambaa tumboni, anaigiza mjamzito, anatamani ukwaju na udongo, analia uchungu, anamtukana mume, na wanawake wa nyumba wanacheka mpaka machozi kwa sababu yanasemwa mbele ya mama mkwe yale ambayo wao hawawezi kuyasema. Ndipo mtoto anabebwa na dua inaanza.

Wewe wa Tanga unajua kutunza kwenye taarabu: noti inapandishwa jukwaani kwa sababu wimbo umemgusa mtu, au kwa sababu mtu anataka jirani zake wajue umemgusa. Badhai inakaribiana na hapo, ila kuna kitu ambacho taarabu haina. Mwenye nyumba akigoma kutoa, mahijra wanaweza kuapiza, na silaha ya mwisho ni kutishia kuinua sari na kumwonyesha kile ambacho hakutaka kukiona. Dereva wenu hakuwaogopa mikononi, aliogopa ulimi. Na ulimi ule unaogopewa kwa hoja moja: asiyezaa ameacha uzazi wake kama sadaka, na nguvu aliyoiacha anaweza kuigawa. Kuna hadithi mahijra hupenda kuisimulia. Ram, mungu-mfalme wa Wahindu, alipopelekwa uhamishoni msituni miaka 14, watu wa mji walimfuata wakilia. Akawaambia, wanaume na wanawake rudini makwenu. Aliporudi baada ya miaka hiyo yote akakuta kundi limebaki pale pale. Wao hawakuwa wanaume wala wanawake, kwa hiyo amri haikuwahusu. Ram akawapa uwezo wa kubariki. Wengi wao pia ni waja wa Bahuchara Mata, mungu-mke anayepanda jogoo, mwenye hekalu lake kubwa Becharaji, Gujarat.

Hapo mume wako atasema: si nilikuambia? Dini ya Kihindu.

Mwambie asubiri. Mtafiti Gayatri Reddy alikaa na mahijra wa Hyderabad, mji ule ule mliokuwa, miaka ya 1990. Aliwakuta wakijitambulisha kuwa Waislamu, hata waliozaliwa kwenye familia za Kihindu. Waliamkiana kwa salamu za Kiislamu, walizingatia tohara, na waliojaliwa walikwenda Makka kuhiji. Na watu hao hao walikuwa wanamwabudu mungu-mke wa Gujarat bila kuona mgongano wowote. Kwa mwanazuoni jambo hilo halikubaliki, lakini ndivyo walivyoishi. Pakistan na Bangladesh, nchi za Waislamu, zina mahijra wanaofanya badhai ile ile kwa makofi yale yale. Kule Pakistan wengi hupenda kuitwa khwaja sira, jina la heshima la matowashi waliosimamia majumba ya wafalme wa Mughal, walinzi wa mlango kati ya upande wa wanaume na harimu. Wengine walikuwa matajiri, makamanda, washauri. Dhana ya kumweka towashi kwenye mpaka wa mahali patukufu haikuwa ngeni popote katika ulimwengu wa Kiislamu: walinzi wa Msikiti wa Mtume kule Madina, maagha, kwa karne nyingi walikuwa matowashi, na wengi walitoka Habash. Sisemi kwamba towashi wa kasri na hijra wa leo ni mtu mmoja. Ninachosema ni kwamba dini si ukuta unaotenganisha wanaopewa nafasi na wasiopewa.

Nenda mbali zaidi, Sulawesi Kusini nchini Indonesia. Wabugi ni Waislamu tangu karne ya 17, na wana bissu, makuhani wanaohesabiwa kuwa na uume na uke kwa pamoja. Bissu hutunza vitu vitakatifu vya falme za zamani, na katika ngoma yao ya maggiri hujidunga kooni na viganjani kwa jambia la keris. Chuma kikigoma kuingia, watu wanajua roho imeshuka. Kuna mahujaji waliowaendea bissu wapate baraka kabla ya safari ya Makka. Miaka ya 1950 waasi wa Kahar Muzakkar, waliotaka dola ya Kiislamu, waliwawinda. Wengine waliuawa, wengine walinyolewa na kulazimishwa kushika majembe kama wanaume. Baadaye serikali ikawakumbuka tena kwa ajili ya watalii na matamasha ya utamaduni. Sasa angalia mwaka 2016: tume ya utangazaji ya Indonesia ilivitaka vituo vya televisheni visionyeshe wanaume wanaovaa au kutembea kike. Kwa hiyo bissu wa Segeri anakaribishwa kwenye tamasha kama urithi wa taifa, na mchekeshaji wa Jakarta mwenye mwendo ule ule anaondolewa kwenye kioo. Ruhusa imeandikwa kwa jina la mila, na nje ya mila haifanyi kazi.

Sasa nikupeleke kwenye sehemu ambayo wasomaji wengi hawaijui, na ambayo kwangu ndiyo kiini.

Mwaka 1852 hijra aitwaye Bhoorah aliuawa katika wilaya ya Mainpuri, kaskazini mwa India. Kesi ile iliwafungua macho maofisa wa Kiingereza, wakaona kwamba kuna kundi zima la watu wanaotembea mijini wamevaa kike, wana koo zao, wana mapato yao, na hawamo kwenye daftari lolote. Hofu ikapanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1871 ikatoka Sheria ya Makabila ya Wahalifu. Sehemu yake ya kwanza ilihusu makabila waliyodai yamezaliwa kuiba. Sehemu ya pili ilihusu matowashi, neno walilolitumia kwa mahijra wote. Waliotuhumiwa kuteka au kuhasi watoto, au kuvunja kifungu cha 377 cha kanuni ya adhabu, ambacho nitakifikia, waliandikishwa polisi pamoja na mali zao. Aliyekwisha kuandikishwa, akionekana mahali pa wazi amevaa kike au amejipamba kike, au akicheza, akipiga muziki au akishiriki maonyesho barabarani, au kwa kukodiwa ndani ya nyumba ya mtu, angekamatwa bila hati na kufungwa hadi miaka miwili. Hakuruhusiwa kuasili mtoto, kuandika wasia, wala kutoa mali yake kwa hiba.

Hebu rudia sehemu ya kucheza kwa kukodiwa ndani ya nyumba ya mtu. Hiyo ni badhai. Walioandika sheria hii walikuwa werevu kuliko wengi walioichambua baadaye: walielewa kwamba hijra anasimama juu ya onyesho. Ondoa ngoma, umeondoa mapato. Ondoa wasia na kuasili, guru hana cha kumwachia chela, na ukoo unakufa wenyewe. Baadhi ya maofisa waliandika wazi kwamba ndiyo shabaha, kundi lipungue taratibu mpaka liishe.

Halikwisha. Ila kivuli cha sheria ile kilibaki mahali pasipotarajiwa, tena pale pale mlipokuwa. Hyderabad haikutawaliwa na Waingereza moja kwa moja, ilikuwa chini ya Nizam, mfalme wake wa Kiislamu, lakini mwaka 1919 nayo ilitunga Sheria ya Matowashi yenye daftari na makatazo ya mavazi, nyimbo na ngoma hadharani kwa mtindo ule ule. Sheria hiyo ilikaa vitabuni mpaka Julai 2023, Mahakama Kuu ya Telangana ilipoifuta kwa kuwa inakiuka katiba.

Na kifungu cha 377 nilichokitaja, kile cha kuadhibu tendo la ndoa lililo kinyume cha maumbile, kilivuka bahari kikaja kwetu. Kilikuwamo katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotumika huko mpaka mwaka 2024, na kanuni hiyo ndiyo iliyotumika Kenya, na baadaye Tanganyika, hadi nchi hizo zilipopata kanuni zake mwaka 1930. Lugha ya kosa hilo ikahamia humo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliombwa kuiondoa, ikakataa. Kwetu Tanzania kifungo chake ni kuanzia miaka 30 hadi maisha. Sina nafasi ya kujadili hapa kama ni vizuri au vibaya, na najua wasomaji wa safu hii hawako upande mmoja. Lakini anayesema sheria hiyo ni ya mababu zetu, aulize ililetwa na meli gani.

Sasa mdogo wako na Wajapani wake.

Kabuki ilianzishwa na mwanamke, Okuni, aliyecheza Kyoto mwaka 1603. Mwaka 1629 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, iliwapiga marufuku wanawake jukwaani, kwa kuwa tamthilia ilikuwa imefungamana na ukahaba na wateja walikuwa wakipigana. Vijana wazuri wakachukua nafasi zao, na ukahaba na ugomvi ukaendelea kwa ajili ya vijana. Mwaka 1652 nao wakapigwa marufuku. Wakabaki wanaume wazima, walioamriwa kunyoa nywele za mbele wasivutie. Kutokana na makatazo mawili ikazaliwa sanaa ya onnagata, mwanaume bingwa wa kuigiza mwanamke. Mmoja wa mabingwa wa mwanzo, Yoshizawa Ayame, aliyefariki mwaka 1729, alifundisha kwamba onnagata aishi kama mwanamke hata nje ya jukwaa, na akiulizwa habari za mke wake aone haya. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, mafundisho hayo yalilegea na kazi ikawa ufundi: mtu anavua wigi, anafuta poda, anarudi nyumbani. Bandō Tamasaburō, onnagata mashuhuri wa zama zetu, alitangazwa Hazina Hai ya Taifa mwaka 2012.

Wajapani wana pia kinyume chake. Takarazuka ni kampuni ya wanawake watupu iliyoanzishwa mwaka 1913. Wanaoigiza wanaume hupendwa na mashabiki wanawake mpaka kwa wivu, na sharti la kampuni ni kwamba anayeolewa anaondoka. Usafi huo ndio uliouza tiketi kwa zaidi ya miaka 100. Mmoja wa waigizaji wake wa zamani, Koyuki Higashi, alifanya harusi na mpenzi wake wa kike kwenye bustani ya Disney karibu na Tokyo mwaka 2013, ikawa habari ya dunia. Harusi ile haikuwa na nguvu ya kisheria. Taifa lililozoea kumpigia makofi mwanamke aliyevaa suti ya kiume akimkumbatia mwanamke jukwaani halijaingiza ndoa ya namna hiyo kwenye sheria zake.

Kwa hiyo mdogo wako ameona sura na hakuona mkataba. Onnagata amepewa ruhusa kwa ufundi wake, na hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Hijra amepewa ruhusa kwa vile alivyo, na hawezi kuvua kitu akarudi nyumbani, kwa sababu kwa wengi wao nyumbani ndiko walikofukuzwa.

Anayetaka mfano ulio katikati atafute jimbo la Bihar nchini India, kwa wasemao Kibhojpuri. Kule kuna launda naach, kikundi cha wanaume wanaocheza na kuimba kama wanawake usiku kucha kwenye harusi za vijijini. Mwandishi wao mkubwa ni Bhikhari Thakur, kinyozi kwa tabaka, aliyefariki mwaka 1971, na tamthilia zake zilililia hali ya wake walioachwa na waume waliokwenda kutafuta kazi Calcutta. Wengi wa wachezaji hawa wana wake na watoto, na huchukizwa ukiwaita mahijra. Ramchandra Manjhi alicheza sehemu za kike tangu utotoni mwake mpaka uzeeni. Mwaka 2021 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri, akafariki mwaka uliofuata. Lakini usidhani maisha yalikuwa mteremko: wachezaji wa launda ni wa matabaka ya chini, na walevi wa harusini hawajawahi kutofautisha kati ya kumtunza mchezaji na kumshika.

Nishani za aina hiyo ndiyo njia mpya ya taifa ya kutoa ruhusa. Mwaka 2019 Narthaki Nataraj, mwanamke aliyezaliwa na maumbile ya kiume, bingwa wa bharatanatyam, ngoma ya kale ya India Kusini, alipata Padma Shri. Mwaka 2021 alipokea Manjamma Jogathi wa Karnataka, naye mwanamke wa namna hiyo hiyo, mja wa mungu-mke Yellamma na mchezaji wa ngoma ya jogathi. Tafuta picha zake za siku ile ikulu. Kabla ya kupokea nishani alimsogelea Rais Ram Nath Kovind, akashika pindo la sari yake, akafanya ishara ya kumtoa kijicho. Walinzi walitulia, Rais akapokea kwa heshima. Kwa dakika ile badhai iliingia ikulu, na chini ya sheria ya 1871 aliyeandikishwa angefungwa kwa sari ile ile.

Hata kesi iliyobomoa kifungu cha 377 imebeba jina la mchezaji. Mahakama Kuu ya Delhi ilikidhoofisha mwaka 2009, Mahakama ya Juu ikakirudisha mwaka 2013, na mwaka 2016 likafunguliwa shauri jipya likiongozwa na Navtej Singh Johar, mwalimu na mchezaji wa bharatanatyam mjini Delhi. Tarehe 6 Septemba 2018 majaji 5 walikubaliana kwamba mapenzi ya watu wazima kwa hiari yao si jinai. Kuna utamu hapo kwa anayejua historia ya ngoma: bharatanatyam yenyewe ilitokana na ngoma ya wanawake wa mahekaluni walioitwa makahaba, na sheria ya Madras ya mwaka 1947 iliwapiga marufuku kucheza hekaluni. Ngoma ikaoshwa, ikapewa jina jipya, ikawa fahari ya tabaka la juu. Waliofaidika na kuoshwa huko hawakuwa wale wanawake.

Nalisema hili kwa sababu ni hatari ile ile inayowakabili mahijra leo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kuna jinsia ya tatu, na kwamba mtu ana haki ya kujitambulisha mwenyewe. Mmoja wa waliosimama kwenye kesi ile alikuwa Laxmi Narayan Tripathi, hijra, mchezaji, msemaji hodari, uso uliozoeleka kwenye televisheni. Mwaka 2015 alianzisha shirika la kidini la mahijra, Kinnar Akhada, na mwaka 2019 kundi lake liliingia kwenye Kumbh Mela ya Prayagraj, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wa Kihindu, kwa maandamano ya ngamia na magari, maelfu wakitaka baraka zao. Onyesho kubwa kuliko hilo sijui kama limewahi kufanywa na watu hawa. Lakini Laxmi pia aliunga mkono ujenzi wa hekalu la Ram mahali uliposimama msikiti wa Babri, uliobomolewa na Wahindu wenye msimamo mkali, na wanaharakati wengi wa upande wake walitoa tamko la kumpinga. Niliwaambia hapo juu habari za mahijra wa Hyderabad, Waislamu wanaomwabudu mungu-mke. Ruhusa ikianza kutolewa kwa jina la Uhindu mtupu, hao watapewa na nani? Kwangu mimi bei hiyo ni kubwa mno, hata kama maandamano yalipendeza.

Pakistan ilikwenda njia yake. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu iliagiza khwaja sira waandikwe kwenye vitambulisho. Miaka michache kabla ya hapo, enzi za Jenerali Musharraf, kipindi kilichozungumzwa sana kilikuwa cha Begum Nawazish Ali, mjane wa kanali anayewahoji wanasiasa kwa maneno ya mitego, na begum mwenyewe alikuwa mwanaume ndani ya sari, Ali Saleem. Wakubwa walikuja kukaa kwenye sofa lake. Mwaka 2018 bunge likapitisha sheria iliyomruhusu mtu kujiandikisha jinsia anayojitambua. Mwaka 2023 Mahakama ya Shariah ya Shirikisho ikasema vifungu vya kujitambua na vya mirathi havipatani na Uislamu. Kuvaa sari kwenye televisheni hakukuhitaji kifungu. Mirathi ndiyo iliyoamsha mahakama, kwa sababu mirathi haina pazia la kufunga baada ya saa moja.

Nirudi kwa mwenye nyumba wenu. India ilitunga sheria ya kulinda haki za watu hawa mwaka 2019. Ilikataza wazi kumbagua mtu kwenye kupanga au kununua nyumba. Ukigeuza mpaka kwenye adhabu zilizoandikwa mwaka ule, utakuta kifungo kwa anayemfukuza mtu kijijini, anayemzuia kupita mahali pa umma, anayemtumikisha au kumnyanyasa, tena hata makosa ya kimwili adhabu yake haikuzidi miaka 2. Kunyimwa chumba hakukuwamo. Na sheria hiyo ilimtaka mwenye kuhitaji cheti cha jinsia akiombe kwa mkuu wa wilaya, baada ya mahakama kusema kwamba mtu anajitambulisha mwenyewe. Matoleo ya awali ya mswada yalitaka hata kumfunga anayewashawishi kuomba barabarani, kana kwamba kazi nyingine zilikuwa zikiwasubiri. Kelele zilipopigwa kifungu hicho kikaondolewa. Kwa hiyo mtaa ule ulikuwa unavunja sheria, na hakuna polisi ambaye angekuja.

Ndiyo maana wanakuja kwenye taa. Familia za mjini zinazaa watoto wachache, zinaishi kwenye majengo yenye walinzi getini, na badhai inapungua. Kofi lililokuwa la uani limehamia barabarani na kwenye mabehewa ya treni, bila mtoto, bila dholak, limebaki ombi tupu lenye harufu ya apizo. Mahijra wazee wenyewe hulalamika kwamba kuomba si kazi ya heshima kama kubariki.

Mkirudi kwa miadi ya mama, usiogope akigonga kioo. Noti ya rupia 10 au 20 inatosha, na mtu hukuwekea mkono kichwani au hukuombea. Ukikataa, kataa kwa upole huku ukimtazama usoni, wengi watapita gari linalofuata. Usiinue simu kumpiga picha bila idhini, maana hapo ndipo matusi huanza, na kwa kweli ni haki yao. Kama ungependa mama aombewe dua, mwambie dereva akutafsirie kwamba unaye mgonjwa hospitali. Mwulize pia jina lake, atakutajia lile alilopewa na guru.